Vipi Majani Huwa Maziwa



Leo twaiweka karafuu kando kidogo, tuseme habari za ng'ombe. Wengi katika sisi wamefunga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili chini ya mikarafuu, na malalamiko yanayotufikia ni yale yale: ng'ombe alinunuliwa kwa bei kubwa, akatoa maziwa mazuri mwanzoni, kisha msimu wa kuchuma ukaingia na maziwa yakapotea. Mtu husema ni jicho, au mbegu mbaya. Aghlabu ni tumbo.

Tumependa kuwatazama wenzetu wa Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu za Kusini, kwa kuwa huko wakulima wadogo wamefuga ng'ombe wa maziwa kwa miaka mingi. Uyole, karibu na mji wa Mbeya, kuna kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo kilichoendelezwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Na katika miaka ya 1980 Uswisi ilisaidia mradi wa maziwa kwa wakulima wadogo wa mikoa hiyo. Baridi ya huko huwafaa ng'ombe wa Kizungu kuliko joto letu, hilo hatulikani. Lakini tumbo la ng'ombe ni lile lile, Tukuyu na Wete.

Tumbo hilo lina vyumba vinne, na aliyewahi kusafisha matumbo jikoni amekwisha viona. Cha kwanza ni kikubwa mno, chenye vinyweleo kama taulo. Cha pili kina sura ya sega la nyuki. Cha tatu kina kurasa kama za kitabu. Cha nne ni laini, nacho ndicho kinachofanana na tumbo letu sisi wanadamu. Katika ng'ombe mkubwa chumba cha kwanza hupokea zaidi ya lita 100. Majani humezwa humo yakiwa hayajatafunwa vizuri. Akisha kulala kivulini huyarudisha kinywani akayatafuna upya, yaani hucheua, na ng'ombe mzima wa afya hucheua saa sita hata nane kwa siku. Mate yake yana chumvi iliyo jamaa ya magadi, nayo hupunguza ukali wa asidi tumboni.

Sasa lifuatalo ndilo wengi wetu hatukufundishwa. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuzimeng'enya nyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, wasiohesabika, wakaao katika kile chumba kikubwa. Huyachachua majani, na katika kuchachua hutokea asidi, mojawapo ikiwa ile ile iliyomo katika siki. Asidi hizo hupenya ukuta wa chumba na kuingia katika damu, na sehemu kubwa ya nguvu za ng'ombe hutoka humo. Hiyo ya siki ndiyo kiwele hutengenezea mafuta ya maziwa. Kisha vijidudu wenyewe huteremka pamoja na chakula mpaka chumba cha nne, wakafa, wakameng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Basi mwenye ng'ombe mmoja kwa hakika ana makundi mawili ya kulisha.

Iringa hunyesha msimu mmoja, na baada ya Mei nchi hukauka hata Novemba. Wafugaji huweka mabua ya mahindi baada ya mavuno. Mabua matupu hayashibishi vijidudu, kwa kuwa nao wahitaji protini. Huzidi kuwa wachache, na mabua hukaa tumboni siku nyingi. Hutiwa pumba za mahindi kidogo na mashudu ya alizeti, vijidudu wakaongezeka, na yale yale mabua yakaliwa kwa faida. Rungwe, upande wa Mbeya, mvua hainyimi. Huko hukatwa matete, na migomba pia hulishwa. Lakini shina la mgomba karibu lote ni maji. Hapa kwetu tumemwona ng'ombe ameshiba mgomba, tumbo limejaa kama ngoma, na mbavu zahesabika.

Turudi kwenye msimu wetu. Nyumba nzima iko shambani tangu alfajiri, ng'ombe ameachiwa kamba na kivuli, na usiku mwenyewe, kwa huruma, humwekea ndoo nzima ya pumba. Huruma hiyo humdhuru. Pumba nyingi kwa mara moja huchachuka upesi, asidi ikapanda, vijidudu wa majani wakafa. Ng'ombe huacha kucheua, huharisha, maziwa hupungua na mafuta yake pia, akizidiwa hufa. Afadhali matete yakatwe jioni, yakatwekatwe kwa panga, apewe asubuhi kabla ya watu kutoka na tena wakirudi, pumba zigawanywe kwa kila wakati wa kukama. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa wiki mbili, maana kila chakula kina vijidudu wake, na hao hawazaliani kwa usiku mmoja. Na maji: kwa joto la visiwani, ndoo kubwa tatu au nne kwa siku si nyingi kwa ng'ombe anayekamwa.

Majani ya muhogo mchungu yanyaushwe juani kwanza, sumu ipungue. Lusina ni nzuri, ila isizidi theluthi ya malisho.

Wako waliotuuliza kama makonyo yaweza kuwa chakula cha ng'ombe, kwa kuwa yamelundikana bure majumbani. Hatushauri. Mafuta ya karafuu huua vijidudu, na tumboni mwa ng'ombe hayatachagua. Makonyo ni mali ya kiwanda cha Wawi, ambako hutolewa mafuta. Yakaushwe, yauzwe huko.