Mwisho wa Juma wa Vitabu Kando ya Ziwa

Mwezi huu tunataka kuwatembeza kidogo. Msihangaike, matembezi haya hayahitaji kibali cha kutoka kambini wala nauli. Tunakwenda Morges, mji mdogo wa nchi ya Uswisi, ulioko kando ya Ziwa Léman. Baadaye tutarudi hapa hapa kwetu, maana jambo lenyewe linatuhusu.

Tamasha la vitabu la Morges lilianza mwaka 2010. Linaitwa kwa Kifaransa Le livre sur les quais, yaani kitabu pale ukingoni mwa maji, mahali pa kuegesha meli. Hufanyika mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Pale ufukweni wanasimamisha hema kubwa. Ndiyo jamani, hema! Siye tunalijua hema kuwa ni nyumba ya mtu aliyekimbia. Wao wanalisimamisha kwa ajili ya vitabu.

Ndani ya hema kuna meza ndefu. Waandishi wameketi, vitabu vyao viko mbele yao. Msomaji anapanga foleni, anasalimia, anataja jina lake, na mwandishi anamwandikia maneno mawili matatu ndani ya kitabu na kutia saini. Kuingia hemani ni bure. Wengine wanapanda meli, na huko ziwani wanamsikiliza mwandishi akizungumza. Watoto nao wana shughuli zao. Familia nzima inatoka nyumbani siku ya mapumziko, kisa ni kitabu.

Sasa, wengi wetu tumekulia kando ya ziwa: Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge. Kwa upande wa maji hatuna cha kuwaonea wivu. Ziwa Léman lina kina cha mita 310 hivi, na Tanganyika yetu inafika karibu mita 1,470. Kinachotupita ni ile tabia ya baba, mama na watoto kukaa pamoja na kitabu.

Mkimbizi aliyebeba kamusi

Kuna wazazi wanatuambia, "Mwalimu, vitabu ni vya watu waliotulia. Siye wakimbizi tutafute chakula kwanza." Tunawaelewa. Lakini tuwasimulie habari ya mama mmoja wa huko huko Uswisi.

Jina lake ni Agota Kristof. Alizaliwa Hungaria mwaka 1935. Mwaka 1956 nchi yake iliingia katika machafuko, na yeye akavuka mpaka usiku kwa miguu pamoja na mume wake na mtoto wao mchanga wa miezi minne. Alibeba mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na vitu vya mtoto, chupa ya maziwa na nepi. Mwingine ulikuwa na kamusi. Fikirini wenyewe: usiku, mpakani, na mtoto mchanga, na mtu anabeba kamusi.

Walipokelewa Uswisi, wakakaa katika mji wa Neuchâtel, nao uko kando ya ziwa. Mama huyo akafanya kazi katika kiwanda cha saa. Kifaransa hakukijua kabisa. Baada ya miaka mitano alikuwa anakizungumza, ila kukisoma hawezi. Yeye aliyejua kusoma tangu akiwa na miaka minne, sasa amekuwa kama asiyejua herufi! Hakukaa na aibu hiyo. Alikwenda chuoni kujifunza pamoja na wageni wengine. Mwaka 1986 kikatoka kitabu chake cha kwanza cha hadithi, Le Grand Cahier, alichokiandika kwa Kifaransa hicho hicho, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Alifariki mwaka 2011 akiwa Neuchâtel.

Wako na wa upande wetu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964 na kukimbilia Uingereza. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, akakimbilia Ufaransa mwaka 1995 wakati wa vita, na mwaka 2016 akatoa Petit pays, hadithi ya mtoto wa Bujumbura. Wote hawa walipoteza nyumba. Hadithi zao hawakuziacha zipotee.

Vitabu vyetu vinakwenda wapi?

Tuseme ukweli, bila kumlaumu mtu. Hapa kambini tunanunua karanga na kuzikuta zimefungwa kwa karatasi ya daftari la mtoto. Tunaona kurasa za kitabu zikiwasha moto asubuhi. Kuni ni taabu, tunajua. Lakini mtoto wa darasa la tatu akiona hesabu zake zimefunga karanga, anajifunza nini? Anajifunza kwamba kazi yake ni takataka.

Na kuna jambo lingine linatuuma zaidi. Wazee wetu wanaondoka. Kila tukizika mzee, tunazika na habari za kijiji, majina ya mito, sababu ya ukoo kuitwa hivi na siyo vile. Watoto waliozaliwa hapa hawajaliona ziwa la kwao hata siku moja. Wataambiwa na nani?

Tulivyojaribu

Mwezi uliopita, Jumamosi na Jumapili, tulijaribu tamasha letu dogo. Tulifunga turubai mbili kati ya madarasa, tukaomba madawati manne. Vitabu vilikuwa havizidi 40, vingine havina jalada. Waandishi wa kualika hatukuwa nao. Basi tukawaalika wazee.

Kila mzee aliketi kwenye dawati na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita au la saba. Mzee anasimulia, mtoto anaandika kwenye daftari. Wazee wengine walikataa mwanzoni. Bibi mmoja wa upande wa Fizi alituambia, "Mie sijui kusoma, mnanikalisha hapa nichekwe?" Msichana aliyekuwa naye akamjibu, "Bibi, wewe sema tu, kuandika ni kazi yangu." Bibi akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akianika dagaa ufukweni, na siku dhoruba ilipochukua mitumbwi ya kijiji. Ilichukua kurasa tano.

Mwishoni msichana akasoma kwa sauti. Watu walinyamaza kimya. Tukaleta wino, bibi akaweka dole gumba chini ya ukurasa wa mwisho. Akasema, "Dole hili nimezoea kuliweka kwa mgao tu." Watoto wakapanga foleni kuliona daftari.

Tulipata madaftari tisa namna hiyo. Yamo ndani ya sanduku la shule, na mzazi yeyote anaweza kuja kusoma au kusomewa.

Familia yako ianze hivi

Tamasha kubwa halihitajiki. Fanyeni haya nyumbani:

1. Chagueni saa moja ya Jumapili, kabla giza halijaingia. Anayejua kusoma awasomee wengine. Hata kama ni kitabu cha shule, au gazeti hili.
2. Mtoto amwandikie babu au bibi habari moja kila juma. Lugha yoyote: Kiswahili, Kibembe, Kirundi, Kifuliiru.
3. Daftari lililojaa lisiuzwe dukani. Lifungeni kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mvua na panya.
4. Mama au baba asiyejua kusoma asione haya. Aje kwenye darasa la watu wazima, tutampokea kwa heshima.

Jumamosi ya kwanza baada ya mgao ujao tutafunga turubai tena, kuanzia saa tatu asubuhi. Mje na mkeka wa kukalia na mzee mmoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Kama ungekimbia tena usiku na mifuko miwili, ungeweka nini katika mfuko wa pili? Ni hadithi gani ya ukoo wenu ambayo mtu mmoja tu ndiye anaijua bado? Na nani ataiandika juma hili?