KUCHAMBUA MANENO KAMA MAHARAGI
(Kwa wale wanaojitayarisha kwenda staji katika shule ya msingi)



Sisi wa humanite pedagojia, wakati wa staji unapokaribia, tunaogopa sana kalkili na historia. Dikte hatuiogopi. Tunasema: dikte ni kitu gani? Unasoma, watoto wanaandika, unahesabu makosa, imekwisha. Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka siku ile niliposimama mbele ya mwaka wa tatu. Nilisoma: «Mtoto anashika kalamu.» Kijana mmoja akaandika: «Mutoto anashika karamu.» Nikasoma kazi yake kwa sauti, nikasema, «Tazameni, huyu ameshika sikukuu mkononi!» Kalasi yote ikacheka, na mimi nikacheka nao. Yule mtoto aliweka biki chini, na siku ile hakuandika tena hata neno moja.

Kosa lilikuwa la nani? Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na ninaona kosa kubwa lilikuwa langu. Nilimpima juu ya kitu ambacho hakuna mtu aliyemfundisha.

MAKOSA YANA SABABU

Mtoto anaandika vile anavyosikia. Hapa kwetu Kavumu mtoto anasema Mashi nyumbani, Kiswahili sokoni na barabarani, na Kifaransa anakikuta shuleni. Katika kinywa cha wengi, L na R zinakaribiana. Na sisi wote tunasema «mutoto», «mukate», «muti». Basi anapoandika «mutoto» hakukosa ovyo: ameandika kwa uaminifu sauti ya mama yake. Mwaka 1971, Mmarekani Charles Read alionyesha jambo hilo hilo kwa watoto wa kwao: wadogo wanaojitungia namna ya kuandika wanafuata sauti wanazosikia. Edmund Henderson na wanafunzi wake, katika chuo kikuu cha Virginia, waliendelea na kazi ya namna hiyo, na mwaka 1996 kikatoka kitabu Words Their Way, ambacho kilieneza katika shule nyingi za Marekani kazi ninayotaka kuwaeleza: kuchambua maneno.

KUCHAMBUA NI NINI?

Mama akitoka sokoni na maharagi, anayamwaga katika ungo. Mazuri huku, mawe kule, yaliyooza pembeni. Mikono inachambua, macho yanalinganisha. Hakuna aliyempa orodha ya mawe akariri. Kwa maneno ni vile vile. Badala ya kumpa mtoto orodha ya maneno 20 akariri, unampa maneno 10 au 12 juu ya vipande vya karatasi, naye anayapanga katika mafungu, kisha anaeleza kwa nini ameyapanga hivyo.

Chukueni mfano wa maneno haya: mtoto, mwalimu, mkate, mwezi, mti, mwizi, mkono, mwaka, moto, Mungu. Mwalimu anaweka «mtoto» upande mmoja na «mwalimu» upande mwingine, watoto wanaendelea. Wakimaliza, anauliza: «Baada ya M, au MW, mnaona herufi gani?» Wao wenyewe watavumbua: mbele ya a, e, i tunaandika MW, mbele ya t au k tunaandika M tu. Na «moto» je? Na «Mungu»? Hayo hayakubali kuingia katika mafungu yale mawili. Yawekwe pembeni, katika fungu la tatu, tuyaangalie peke yake. Kanuni ambayo mtoto ameivumbua mwenyewe haimtoki upesi sawa vile ile aliyoandikiwa ubaoni.

NAMNA YA KUFANYA

1. Chagua maneno ambayo watoto wanajua maana yake. Neno lisilojulikana ni mzigo mbili.
2. Soma kila karatasi pamoja nao kwa sauti, polepole, kabla ya kupanga.
3. Onyesha neno la mfano kwa kila fungu. Mafungu mawili yanatosha kwa kuanza.
4. Watoto wapange wawili wawili. Kila mmoja aseme sababu yake.
5. Fanyeni mchezo: mmoja anasoma neno bila kuonyesha karatasi, mwenzake anaonyesha fungu kwa kidole. Hapo sikio linafanya kazi pamoja na macho.
6. Waandike mafungu katika kaye.
7. Watafute maneno mengine ya namna hiyo katika kitabu cha kusoma au cha nyimbo.
8. Mwisho wa juma, ndipo dikte fupi.

Kwa L na R, pangeni kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Hapa sikio peke yake halitoshi: lazima maana ielezwe, kila neno katika sentensi. Kwa NG na NG', pangeni ngoma, nguo, ngozi upande mmoja, na ng'ombe, ng'ambo, kung'aa upande mwingine. Kale ka alama kadogo tunakasahau sana, hata sisi wakubwa.

NA KIFARANSA?

Kifaransa njo kinahitaji kazi hii zaidi, kwa sababu Kiswahili, karibu kila herufi ina sauti yake moja, lakini Kifaransa hapana. Tazameni herufi C tu. Katika jina la Kishi kama Cirhuza inasikika CH. Katika «cahier», «cousin», «cube» inasikika K. Katika «cent», «ciel», «cinéma» inasikika S. Mtoto akichambua atavumbua: mbele ya a, o, u ni K, mbele ya e, i ni S. Kisha mpe «leçon» na «garçon». Atauliza mwenyewe: mbona hapa kuna O na bado ni S? Ndipo umwonyeshe kale kamkia chini ya C na kazi yake.

KALASI YENYE WATOTO WENGI

Tangu Septemba 2019, masomo ya bure katika shule za msingi za Serikali yameleta watoto wengi sana, na benchi ni zile zile. Msiogope. Makartoni ya sabuni na kurasa za kaye za zamani zinatosha. Kama karatasi hakuna, andika maneno ubaoni, watoto wachore mistari miwili katika kaye na wapange humo. Sheria ya elimu namba 14/004 ya 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha. Basi kueleza kanuni ya Kifaransa kwa Kiswahili au kwa Mashi si kosa.

Nisiwadanganye: kuchambua hakuchukui nafasi ya kusoma na kuandika kila siku. Ni msaada tu. Dakika 15 zinatosha.

NENO LA MWISHO

Someni Waamuzi 12:6. Watu walisimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamwambia kila mpitaji aseme neno moja, Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa. Walianguka 42,000, na ulimi wao njo ulikuwa ushuhuda juu yao. Ndugu mwanastaji, usifanye dikte yako kuwa kivuko kama kile. Mtoto aliyeandika «karamu» anangoja mtu wa kumvusha. Mimi nilicheka. Wewe mpe karatasi 12, kaa chini pamoja naye, mchambue.