Spea tairi la mtumba: usikubali kuambiwa "Toyota zote zinaingiliana"

Leo naweka siasa pembeni kidogo, niongelee kitu kilichoniaibisha mbele ya familia. Labda kitamsaidia mwenye gari lililofika bila spea tairi, au lilikuja nalo likaibiwa.

Agosti 2023 mjomba alinituma Gerezani nikamtafutie spea ya Premio yake. Nikajifanya mjanja. Nikahesabu matundu ya nati, matano. Nikauliza saizi ya rimu, 15. Jamaa akasema "chukua dogo, Toyota zote zinaingiliana". Nikatoa elfu sitini, tairi likaenda kulala kwenye buti na hakuna aliyelijaribu. Wiki tatu baadaye tunarudi Dar kutoka msibani Morogoro, mjomba, shangazi, mimi na watoto wawili. Tumepita Mdaula, giza linaingia, tairi la nyuma likapasuka. Jeki ikapandisha, nati zikafunguliwa, na lile tairi langu likagoma kuingia. Kumbe lilitoka kwenye Noah. Malori yanapita yanatikisa gari, shangazi kawakalisha watoto kwenye majani mbali na lami, mjomba hasemi kitu. Bora angenitukana. Tulikaa pale mpaka karibu saa nne usiku, ndipo fundi pancha alipotufikia na bodaboda akiwa na tairi la kuazima.

Tangu siku hiyo nimewaganda mafundi kwa maswali.

Matundu ya nati yamepangwa kwenye duara, na upana wa hilo duara ndio mafundi wanauita PCD. Premio za 2001 mpaka 2007 ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100. Noah za miaka hiyo hiyo ni 5x114.3. Kwa macho zinafanana kabisa jamani! Nenda na futi. Rimu ya matundu manne ni rahisi, unapima katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linaloangaliana nalo. Ya matano hayaangaliani, kwa hiyo pima matundu mawili jirani, ukingo wa kushoto wa moja mpaka ukingo wa kushoto wa lingine, kwa mstari ulionyooka. Ukipata milimita kama 59 hiyo ni 100. Ukipata kama 67 hiyo ni 114.3. Ni milimita nane tu ndizo zilizotulaza njaa porini.

Lakini rimu inayogoma kuingia ina afadhali, maana unajua hapo hapo. Ya kuogopa ni ile inayoingia wakati siyo yenyewe. Subaru Impreza na Forester za zamani nazo ni 5x100, muuzaji atakuonyesha na utaamini. Sasa angalia lile tundu kubwa la katikati linalokaa kwenye habu. La Premio ni milimita 54.1, la Subaru ni 56.1. Rimu ya Premio haipiti kwenye habu ya Subaru, ila ya Subaru inapita kwenye Premio na inacheza. Ukishafika spidi usukani unaanza kutetemeka.

Na nati pia. Toyota na Subaru wote wana stadi ya milimita 12, ila uzi wa Toyota ni 1.5 na wa Subaru (hata Nissan) ni 1.25. Ukiona nati inagoma baada ya mizunguko miwili usiikandamize na wilispana, utaua stadi. Wenye Vitz nao wajue kwamba rimu ya Honda Fit ni 4x100 kama ya kwao, lakini pale nati inapokaa Honda ni mviringo kama bakuli, wakati nati ya Toyota imechongoka. Haikai sawasawa, na nati isiyokaa sawasawa inalegea.

Rimu ikiwa sawa, soma namba za tairi. Mjomba anavaa 195/65R15, kimo chake chote ni milimita kama 634. Ukimpa 175/65R14 ni kama 583, karibu sentimita tano pungufu. Gari linaegemea upande, na likiwa kwenye ekseli inayovuta, difu inafanya kazi muda wote. Kama huna ujanja, liweke kwenye ekseli isiyovuta, maana Premio nyingi zinavuta mbele. Tairi la mbele likipasuka, hamisha la nyuma lije mbele. Gari linalovuta miguu yote minne muda wote usilijaribie hayo.

Vile vispea vyembamba vyenye herufi T mwanzoni mwa namba vinataka upepo wa PSI 60 na mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Wengi wanavijaza 30 kama matairi mengine. Halafu tafuta zile tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la spea linaweza kuwa na kashata zote na bado limekauka. Likunje kwa vidole, ukiona nyufa liache.

Kabla ya kulipa, lifungwe kwenye gari lako pale pale, mbele na nyuma. Lizungushe kwa mkono, kata usukani mwisho kushoto na kulia, sikiliza kama linagusa kalipa ya breki, hasa rimu ikiwa ndogo kuliko zako. Muuzaji akikataa, ondoka.

Mjomba sasa ana rimu ya chuma iliyotoka kwenye Premio mwenzake, tuliijaribu wote wawili juani. Ile ya Noah nilimuuzia jirani mwenye Noah kwa elfu arobaini, baada ya kuifunga kwenye gari lake mbele na nyuma.