Vita vikianza, kwa nini hisa za silaha hupanda?

Kila tukijadili vita, kuna mtu lazima aseme wenye viwanda vya silaha wanashangilia. Si uongo, lakini hebu tufuate pesa.

Urusi ilivamia Ukraine Alhamisi, 24 Februari 2022. Jumapili, serikali ya Ujerumani ikatangaza mfuko wa yuro bilioni 100 kwa jeshi lake. Jumatatu soko likafunguliwa, na hisa za Rheinmetall, kampuni ya huko inayotengeneza mizinga na risasi, zikaruka zaidi ya asilimia 20. Siku moja! Na pesa yenyewe bunge lilikuwa halijaipitisha. Soko halingoji risasi ilie, linanunua oda za kesho, na oda hizo analipia mlipa ushuru. Kabla ya vita hisa moja ilikuwa chini ya yuro 100. 2025 ikapita 1,000.

Sasa wewe unayetaka kuingia leo kwa sababu umeona habari za saa moja, bei unayoikuta imeshabeba hiyo hofu. Mazungumzo ya kusitisha vita yakitajwa tu, mara nyingi hisa hizi hushuka. Yaani ukishanunua, habari ya amani inakuwa hasara kwako. Mimi hapo ndipo nilikwama, sikununua.