Mchezaji Asiyetajwa Jina

Mwezi wa Julai, mavuno yakishaingia ghalani na mikorosho ikiwa bado haijaanza kudondosha, vijiji vya Nachingwea na Ruangwa huingia katika msimu wa jando na unyago. Usiku ngoma hulia kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, hata mgeni aliyekuja kumsalimia bibi yake asijue aelekee wapi. Siku ya kuwatoa wali, katika baadhi ya vijiji hufika mtu ambaye hakuna anayempokea kwa jina. Nguo zimemfunika mwili mzima, kiunoni kafunga njuga, usoni kavaa kinyago. Wamakonde wa upande wetu huiita ngoma yake midimu, neno ambalo ni ndugu wa mizimu. Wenzao wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, hukiita kinyago chenyewe lipiko, na vikiwa vingi ni mapiko.

Nchi hii kwanza ni ya Wamwera, na Wamakonde tunawahesabu zaidi huko Newala na Tandahimba. Lakini Nachingwea imechanganya watu kwa muda mrefu. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, uliacha hasara kubwa na mchanganyiko wa watu wa kila pande: Wamakonde, Wamakua, Wayao, na waliovuka Ruvuma kutafuta kibarua. Kila aliyekuja alikuja na ngoma yake.

Nianze na kosa linalofanywa hata na wanaojiita wajuzi. Ukitaja kinyago cha Kimakonde, wengi huona mpingo wa kule Mwenge, Dar es Salaam, ule unaong'aa. Kinyago cha kuchezea hakichongwi kwa mpingo. Jivike gogo la mpingo kichwani, uruke nalo robo saa, shingo itakupa jibu. Mchongaji hutafuta mti mwepesi, akauchimba ndani mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba, kisha akaweka chale kwa kuzichonga au kwa kubandika nta ya nyuki, na mara nyingine nywele halisi za binadamu. Kinyago cha mwanamke huweza kuwa na pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu.

Kinyago cha upande wetu aghalabu hufunika uso tu. Cha Msumbiji huvaliwa kama helmeti, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wake. Tafakari maana ya jambo hilo. Uso wa mbao unakuwa juu ya uso wa mtu, ukitazama mawinguni, na mchezaji hana budi kuinamisha shingo ndipo uso ule ututazame sisi. Akiinua kidogo, unaota ndoto. Akigeuza ghafla, umekuona wewe hapo ulipojibanza. Uso haubadiliki hata chembe, ila mtazamaji atakuapia kwamba ulicheka.

Ngoma nazo zina kazi yake. Ndogo ziitwazo vinganga zina mguu uliochongoka. Huchomekwa ardhini na kupigwa kwa vijiti viwili vyembamba, na sauti yake ni kali kama mvua juu ya bati. Kubwa zinajibu kwa chini. Ngozi huoteshwa moto kwanza mpaka ikaze. Kisha yanaanza mabishano: mpigaji anatupa mdundo, mabega ya mchezaji yanaudaka, mchezaji anachelewa makusudi, mpigaji anamfuata. Ghafla ngoma zote zinakata, naye anaganda pale pale, mguu mmoja hewani, njuga zikiwa kimya. Njuga moja ikilia baada ya hapo, wazee wanatazamana. Kwa macho yangu, hicho ndicho kipimo cha mchezaji. Kuruka kila kijana anaruka.

Japani wana sanaa ya jukwaani iitwayo kabuki, na ndani yake kuna mgando unaofanana na huo. Wao huuita mie. Kisa kinapofika kileleni, mwigizaji huganda, akatoa macho na kukaza vidole, na mtu aliye pembeni akagonga vipande vya mbao juu ya ubao. Hapo mashabiki humpigia ukelele mwigizaji, wakiita jina la nyumba yake ya usanii.

Mfanano wa pili ni wa ajabu zaidi. Kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, mjini Kyoto mwaka 1603, lakini mwaka 1629 watawala waliwapiga marufuku wanawake jukwaani. Tangu hapo wanaume ndio wanaocheza nafasi za kike, na mabingwa wa kazi hiyo huitwa onnagata. Aliyevuma kuliko wote katika zama zetu ni Bando Tamasaburo wa 5, aliyezaliwa 1950 na kutambuliwa na serikali yake mwaka 2012 kuwa hazina hai ya taifa. Akigeuza shingo tu, ukumbi mzima unamwona binti wa miaka kumi na minane.

Wamakonde nao wana kiunzi cha mbao chenye matiti na tumbo la mja mzito, ambacho mwanamume hukivaa kifuani pamoja na kinyago cha mwanamke. Anacheza uzito wa mimba, na anaucheza mbele ya kinamama waliozaa, watazamaji wasiodanganyika kirahisi. Siyo mzaha, ingawa watu hucheka. Akiikosea hatua, kicheko hubadilika sauti, na yeye chini ya mbao anakisikia.

Njia zinaachana kwenye jina. Katika kabuki jina ni mali inayorithiwa: Ichikawa Danjuro limefika kwa mtu wa 13, aliyelipokea mwaka 2022 kwa sherehe kubwa. Kwetu kumtaja aliye ndani ya kinyago ni kuivunja ngoma. Walio nje ya jando waliambiwa tangu zamani kwamba yule si mtu, ni mzimu aliyetoka makaburini. Sidhani kama kuna mke asiyezitambua nyayo za mumewe, lakini adabu ya uwanjani ni kutozitambua. Anayekimbia anakimbia kweli, kisha anarudi kutazama.

Adabu hiyo imelinda ngoma, ila imetugharimu. Sifa yote imeangukia mbao. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, na vinyago alivyokusanya viliishia makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na kati ya walivyobeba kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na ilichukua hadi 2010 kurudishwa nyumbani. Makaratasi yalitiwa saini kwa ajili ya kinyago kimoja. Nilifurahi, sikatai. Lakini kinyago kilicho ndani ya kabati la kioo kimesimama wima, na hakikuchongwa kwa kusimama wima. Aliyejua kukiinamisha hayumo katika karatasi hata moja.

Nachingwea yenyewe iliwahi kuugusa utaratibu huo wa siri ya ngoma. Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1975 hapa palikuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, na kiongozi wao Samora Machel alianzia huku safari yake ya Mei 1975 ya kuvuka Ruvuma mpaka Maputo. Kambini walikutana vijana wa majimbo yote ya Msumbiji, na ngoma iliyokuwa ya ukoo ikaanza kuchezwa na wasiokuwa wa ukoo. Enzi za vita mapiko yakapata sura mpya, askari wa Kireno akiwa mmojawapo. Mwaka 1979 Msumbiji huru iliunda kundi lake la taifa la nyimbo na ngoma, na wanawake wa upande ule wana vinyago vyao siku hizi. Upande wetu tulifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, leo TaSUBa, na ngoma ya sindimba ikavuma nchi nzima kuliko midimu. Sindimba haina siri, inaingia jukwaani kwa urahisi.

Katika ngoma za kusini jina moja tu limejulikana na kila Mtanzania wa umri wangu: Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga peke yake ngoma nyingi zilizopangwa mbele yake. Mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Naye pia wengi hatukumwona. Tulimsikia tu, jioni, baba akituamuru tunyamaze.

Ombi langu ni kwa walimu na maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili. Jina la mchezaji aliye hai liachwe lilivyo. Lakini andikeni majina ya midundo, majina ya hatua, na, wazee wakiridhia, majina ya waliokwisha kuzikwa. Wewe msomaji, ukialikwa huku Julai, simu ibaki mfukoni mpaka wazee waseme, na usisimame karibu na wapiga ngoma kwa sababu vumbi litakuziba macho. Simama upande wa kinamama. Kutoka hapo miguu ya mchezaji inaonekana vizuri.