Unataka kadi ya grafiki? Anza na wati, si GB

Wengi wanaoanza gemu hununua kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, kwa mfano Dell OptiPlex 7010, kwa kuwa bei yake haiumi. Kasheshe huja kwenye kadi ya grafiki: pesa imeshatoka, kadi haiingii au kompyuta haiwaki.

Cha kwanza ni umeme. OptiPlex 7010 ile nyembamba, SFF, ina pawa saplai ya wati 240 tu, na haina waya wa kulisha kadi. Kinachobaki ni sloti ya mazabodi, nayo mwisho wake ni wati 75. RTX 3060 hula wati 170, hiyo sahau. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinaweza kutosha, ila angalia ubavuni: zipo zenye tundu la pini 6, na muuzaji anaweza asikwambie. Hizo ziache.

Halafu chukua rula. Keisi nyembamba hupokea kadi ya kimo kifupi pekee, yenye bati fupi la nyuma.

Na kama monita yako bado ni ya VGA, tenga hela ya adapta. Kadi hizi hazina tundu hilo.