Je, Wajua? Klipu Nyeusi Ndiyo ya Kuogopwa

Je, wajua kwamba stima ya volti 240 inayofika nyumbani Nyamira mjini, Kebirigo au Keroka haiishii 240? Hizo ni kipimo cha kazi inayofanya. Wimbi lenyewe hupanda hadi volti 339 hivi, likashuka kiasi hicho hicho upande wa pili, mara 50 kila sekunde. Jicho haliwezi kuliona, ila osiloskopu huliona. Zamani ilikuwa sanduku zito lenye bomba la kioo la aina aliyobuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Leo ni kijisanduku cha kutosha kiganjani, unakichomeka kwenye tundu la USB na laptopu inachora wimbi.

Je, wajua kwamba sehemu ya kuogopwa zaidi ya osiloskopu hiyo si ncha ya probu, yaani waya wake wa kupimia, bali ile klipu ndogo nyeusi iliyo kwenye probu hiyo? Mwanafunzi huidhania kuwa sawa na waya mweusi wa multimita. Sivyo kabisa. Katika vifaa vingi vya USB, klipu imeungana moja kwa moja na bodi ya laptopu, na chaja nyingi za pini tatu huiunganisha laptopu na waya wa athi kwenye soketi. Ukiibana kwenye laivu, umeikutanisha laivu na athi kupitia tumbo la kompyuta yako. Cheche, moshi, na kifaa cha karo ya muhula mzima kimekwisha.

Wengine husema: basi nitachomoa chaja nitumie betri. Nakusihi usifanye hivyo! Laptopu haitaungua, lakini kila chuma chake, hata skrubu, kitabeba volti 240, na mkono wako utakuwa ndiyo njia ya stima kwenda ardhini. Kuna probu maalumu za kupima tofauti kati ya nyaya mbili bila kutumia klipu ya athi, na kuna klampu inayozunguka waya ulio na ganda lake ikapima mkondo. Kwenye mota za viwanda vya chai, ambako kati ya fezi mbili kuna volti 415, tumia hizo tu, tena zenye kiwango kinachotosha.

Jambo jingine: kifaa cha kunasa data kikichukua sampuli 50 kwa sekunde, wimbi la stima huonekana kama mstari ulionyooka, na pengine mstari huo ukaangukia sifuri. Skrini inasema hakuna stima, na waya uko hai.

Halafu kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na sisi wa milima ya Kisii na Nyamira twaijua vyema ngurumo ya alasiri. Si lazima ipige nyumba. Ikipiga mti ulio karibu, waya mrefu wa kihisi uliotandazwa hadi shamba la chai hupata volti za ghafla na kuzileta mezani. Mawingu yakianza kufunga, chomoa nyaya zote mapema.

Na kila mara, kabla hujabana klipu nyeusi popote, pima kwanza kwa multimita kati ya mahali hapo na athi. Ukikuta volti, usiibane.